Makande Nje ya Ua

Mimi niliota meno ya juu kwanza. Kwingine hilo ni jambo la kuchekesha, majirani wanaitwa waje kumwona kichanga mwenye sura ya panya. Kwetu Upare wa kusini, nilikozaliwa wakati wa Mwingereza, mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego hakulelewa. Alipelekwa jabalini, na aliyempeleka alirudi peke yake. Msidhani waliofanya hayo walikuwa majitu. Walikuwa bibi zetu, watu wa kulima maharage na kusengenya majirani, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kubatizwa na Jumapili waliimba kanisani sauti ya pili. Waliamini kigego akikua ukoo utateketea mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo wakaona heri afe mmoja. Huyo mmoja hakuulizwa.

Kazi ya kuchunguza ufizi ilikuwa ya bibi mzaa baba. Asubuhi alinawa mikono, akapitisha kidole kinywani mwa mjukuu, chini kisha juu, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Kwangu mimi mama alimtangulia. Alipogusa kitu kigumu ufizi wa juu, alimwambia mkwe wake kwamba mtoto ana vidonda mdomoni na akiguswa anatapika. Siku ya soko ilipofika akanifunga mgongoni, akajitwika kikapu cha ndizi kama mtu anayekwenda kuuza, akalipita soko, akapanda mpaka misheni. Kule kulikuwa na nyumba ya kuwalea watoto kama mimi. Alinikabidhi mlangoni, akashuka na ndizi zake. Nyumbani mume wake alimpiga, na mkwe wake hakumsemesha tena mpaka alipoingia kaburini. Haya yote niliyajua ukubwani, na nitaeleza niliyajuaje.

Nyumba ile ilitulinda. Nalisema hilo mapema asije mtu akaniambia sina shukrani. Shukrani nimeimbishwa tangu sijajua kutembea. Bila misheni mimi ningekuwa mifupa chini ya jabali, na wewe ungekuwa unasoma kitu kingine. Lakini mtu aliyekutoa kwenye maji naye anaweza kukukamata shingo vibaya, na mtu ana haki ya kusema shingo inauma.

Mkubwa wa nyumba alikuwa mama wa Kizungu, mwembamba, mpole, mwenye kulia upesi. Lakini mwenye funguo alikuwa mwanamke mmoja mjane wa kutoka huku huku milimani, tuliyemwita Mlezi. Amri zilikuwa zake. Ndugu yeyote wa mtoto asivuke ua. Chakula cha nje kisiingie kinywani, kwa sababu zamani, alisema Mlezi, shangazi mmoja alileta uji na mtoto akafa kabla ya jioni. Mtoto asitajiwe ukoo wake wala kijiji chake, asije akautaja kwa mtu mbaya. Na Kipare kisisemwe kabisa, Kiswahili tu, ili mtu akituita kutoka nje kwa lugha ya nyumbani tusijue anasema nini. Kila amri ilikuwa na maiti nyuma yake, au ndivyo alivyotuambia.

Kisha kulikuwa na mafunzo. Mlezi alikuwa akiazima kanga ya mpishi, anajitanda mpaka machoni, anazunguka nyuma ya ua wa mimea ya masale na kusimama kule barabarani. Anabadili sauti, inakuwa laini kama siagi. "Njoo mwanangu," anaita, "njoo uchukue ndizi." Na ndizi kweli anayo mkononi, imeiva, ina madoa. Sisi tunacheza uani. Mtoto atakayekwenda kuipokea anakamatwa mkono juu ya ua na kuchapwa pale pale kwa fimbo ya mbuni, mti wa kahawa, wengine tukitazama, na ndizi inaliwa na Mlezi mwenyewe taratibu huku akitueleza kwamba mtu mwingine angemtupa jabalini. Mimi nilikwenda siku moja. Nilikuwa na njaa, na hakuna mtu aliyewahi kuniita mwanangu kabla ya siku hiyo. Tangu hapo sikuhitaji kufundishwa tena. Nilikimbilia kanisani kabla neno halijaisha. Wageni wa Kizungu walipotutembelea tulionyeshwa tunavyokimbia, nao wakapiga makofi.

Siku za soko wanawake walipita barabara ile na mizigo yao. Mmoja wao alikuwa na desturi ya kusimama. Hakuita mtu. Aliweka juu ya jiwe, nje ya ua, furushi la jani la mgomba, akatutazama kidogo, akaenda zake. Mlezi alilichukua furushi kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota kinyesi, akalifungua mbele yetu. Ndani yalikuwamo makande, mahindi na maharage yaliyopikwa mpaka yakalainika, bado yana joto. Harufu yake ilitufikia. "Haya ndiyo mauti," alisema, akampa mbwa wa misheni. Mbwa akala. Juma lililofuata akala tena. Alinenepa akawa hawezi kubweka vizuri, na hakuna aliyejiuliza kwa nini hafi.

Siku moja tu yule mwanamke aliita. Nilikuwa karibu na ua, peke yangu, nikifukua mchwa. Nilisikia, "Njoo mwanangu," kwa Kiswahili cha kujifunza sokoni, na sauti haikuwa laini hata kidogo, ilikuwa inakwaruza. Nikapiga yowe, nikakimbilia kanisani kama nilivyofunzwa. Mlezi alitoka mbio na fimbo, akarudi akihema, akanikumbatia mbele ya wenzangu wote na kunipa kipande cha sukari guru. Sikuwahi kula kitu kitamu kama kile. Nilikilamba mpaka jioni ili kisiishe.

Basi meno ya utoto yakakaribia kulegea. Hapa ndipo mama yangu alipofikiri jambo ambalo nadhani hakuna Mpare aliyewahi kulifikiri. Alikwenda kwa wazee wa ukoo wa mume wake akawaambia: mtoto yule karibu atang'oa meno, ataota mengine mapya. Hayo mapya yakianza chini kama ya watu wote, je, si amezaliwa upya? Ukigego uko wapi tena? Wazee walikaa na swali lile. Hawakuwa na jibu la kale la kumpa, kwa sababu hakuna kigego wa ukoo wao aliyewahi kufikia umri wa kung'oa meno. Waliulizana, wakabishana, wakaachana, wakarudi. Alianza kuwaendea kabla sijang'oa hata moja, na aliendelea mpaka wakachoka naye. Mwishowe wakasema hoja ina kichwa na miguu, lakini hawawezi kuikubali kwa maneno ya mama, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi na mwenye uchungu huona anachotaka. Waende wakatazame wenyewe.

Wakaja wazee wawili, na mama nyuma yao. Mimi nilifichwa nyuma ya mlango wa ofisi, Mlezi akanishika bega. Mlango ulikuwa na ufa. Nilimwona yule mwanamke wa makande amepiga magoti kwenye saruji ya barazani, na wazee wamesimama na fimbo zao, wamevaa makoti yao ya kanisani.

"Shikamoo mama," mzee mmoja alimwamkia mama wa Kizungu ingawa alimzidi umri kwa mbali. Adabu tu. "Hatukuja kumchukua mtu. Tumekuja kutazama kinywa. Jino la chini likiwa limetangulia, mimi mwenyewe nitasema mbele ya ukoo kwamba yule ni mtoto wetu. Mbuzi wa kumpokea yupo tayari."

"Kinywa cha mtoto si cha ng'ombe mnadani," alisema mama wa Kizungu. "Na kama jino la chini halijatangulia?"

Mzee yule angeweza kudanganya. Angesema, basi tutarudi nyumbani, tutamwombea. Mtu mjanja angesema hivyo na mimi ningekulia kwa mama yangu. Lakini alikuwa mkweli, na ukweli wake ndio ulioniponza. Alitazama fimbo yake, akanyamaza.

"Mmeona," alisema mama wa Kizungu, na machozi yakaanza kumtoka.

"Mfungue mdomo tu, mama," yule mwanamke alisema kutoka pale chini. "Mfungue umtazame wewe mwenyewe, utuambie. Mimi sitasogea."

Nami nilikuwa pale, nyuma ya ubao, nalilamba jino langu. Lilikuwa limechomoza wiki ile, chini, katikati, jipya, lina makali kama msumeno mdogo. Ya juu yote yalikuwa bado ya utoto, yanacheza. Sikujua maana yake. Nilijua tu kwamba watu wa nje wanaulizia mdomo wangu. Mlezi alijua kwamba limeota, maana yeye ndiye aliyening'oa la utoto la chini kwa uzi na kulitupa juu ya paa, na kila asubuhi alinisugua meno kwa mkaa. Aliuhamisha mkono wake kutoka begani akauweka mdomoni mwangu, akabana.

Wazee waliondoka. Mama alibaki amepiga magoti mpaka mpishi akaambiwa amwondoe. Siku chache baadaye mimi nilipakiwa kwenye lori na kupelekwa kaskazini kabisa, Ugweno, kwa kanisa la kule, ili ukoo wangu usinipate. Hakuna aliyeniuliza wala kuniaga. Nilipewa gauni jipya nikafurahi.

Ugweno sikuteswa. Nilichuma kahawa, nilisenya kuni, nilijifunza Kigweno mpaka nikawa naota ndoto kwa Kigweno, nikasoma, na nilipokua nikapata kazi ya kusaidia kwenye zahanati. Watu wa kule waliniuliza mimi ni wa nani, nikawajibu mimi ni wa misheni. Wakacheka: misheni haizai. Kicheko kile kikanikaa. Watu wazima wenye kwao hawajui jinsi inavyouma kuulizwa kwenu ukaonyesha kengele ya kanisa.

Nilipopata likizo nikashuka mlima, nikapanda treni mpaka Same, na kutoka Same nikapanda tena milima ya kusini, sehemu kwa lori na sehemu kwa miguu. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea pale bomani, lakini watu walikuwa wamekwisha kuacha kuitazama. Yule mama wa Kizungu alikuwa amerudi kwao zamani. Mlezi alikuwapo. Kanisa lilimjengea chumba karibu na mibuni, ana mvi, mnene, amekaa mlangoni anatafuna muhindi wa kuchoma kwa meno aliyobakiwa nayo.

"Shikamoo Mlezi."

"Marahaba. Alaa, kigego wangu." Alinitambua mara moja na akafurahi kwa dhati, hilo siwezi kumnyima. Alinishika mashavu. "Tazama mtoto alivyonona. Unaona kazi yetu?"

Nikamwomba aniambie nilitoka wapi, nani alinileta. Amri ilikuwa imekwisha kuchakaa, na yeye alipenda kusimulia. Alinieleza yote niliyoyaandika hapa, kama alivyoyasikia mlangoni na sokoni: kidole cha bibi, kikapu cha ndizi, hoja ya meno, mbuzi aliyekuwa tayari. Ndipo nilipojua yule mwanamke wa makande alikuwa nani. Nilikuwa nimesimama, nikakaa chini mavumbini.

"Mama yako alikuwa king'ang'anizi," Mlezi aliendelea, anacheka. "Ulipokwisha kwenda Ugweno, alikuja tena. Na tena. Anauliza yuko wapi, mbona simwoni akicheza. Nikaogopa atafuata lori, na ukoo utamfuata yeye. Nikamwambia Mzungu, mtu asiye na mtoto hana sababu ya kusimama penye ua. Mzungu alilia, lakini hakukataa. Wiki ile tulikuwa tumemzika mtoto mmoja, homa ya kifua, hapo karibu na mibuni. Basi nikamchukua mama yako nikamwonyesha. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Ukamwambia nimekufa."

"Nilikulinda. Hakuna kigego wangu hata mmoja aliyepotea mikononi mwa ndugu, hata mmoja."

"Alifanya nini?"

Akafikiri, muhindi umesimama karibu na mdomo. "Hakupiga kelele. Aliuliza kama jino la chini lilikuwa limeota."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sikutazama."

Nilitaka kumpiga. Naandika wazi: nilitaka kuuchukua ule muhindi nimsokomeze kooni, kikongwe yule mwenye mvi, ambaye bila yeye nisingekuwa na mikono ya kumpigia. Badala yake niliagana naye kwa heshima, na aliniombea safari njema.

Kijiji cha mama kilikuwa upande wa Myamba, mwendo wa kutoka asubuhi mpaka mchana. Nilielekezwa nyumba. Alikuwa uani amekaa kwenye kigoda, anapukusa maharage, mguu mmoja ameunyoosha kama watu wenye magoti mabovu. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka. Nilimwamkia kwa Kiswahili, akaitika, akasogeza kigoda kingine.

"Njoo mwanangu, karibu," akasema, kama mzee yeyote anavyomwambia kijana yeyote.

Haki ya Mungu miguu yangu ilitaka kukimbia. Umri wote ule, na bado inatafuta kanisa. Nikajilazimisha kukaa.

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, maneno yalinitoka yote kwa pamoja, Mlezi na lori na Ugweno na kaburi la mtoto mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupukusa. Kisha akafuta mikono kwenye kanga.

"Mwanangu amelala misheni, karibu na mibuni," alisema. "Nilionyeshwa."

"Walikudanganya, mama."

"Watu wa kanisa? Juu ya maiti?" Hakukasirika. Alinisikitikia. "Mtu hudanganya juu ya shamba, juu ya mume. Juu ya maiti hadanganyi."

Nikafungua mdomo. Sikujua nifanye nini kingine. Nilifungua mdomo mbele yake kama ndege. Alinitazama, akainuka kwa shida, akanawa mikono kwa kata ya maji, akarudi. Akapitisha kidole, chini kisha juu, polepole, jino kwa jino. Kidole kilikuwa kinanuka maganda ya maharage. Nilifumba macho. Nilidhani kidole kile kitakumbuka.

"Haya ni meno ya mtu mzima," alisema. "Yamejaa yote. Hayasemi kitu."

"Jino la chini lilitangulia, mama. Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango. Lilikuwa limeota."

Hapo alinitazama machoni, na nikaona anataka kuamini. Kisha akanisemesha kwa Kipare, sentensi ndefu, ina swali mwishoni. Sikuelewa. Nilijaribu kujibu na kilichotoka kilikuwa Kigweno.

"Ah," alisema, akakaa. "Wewe ni wa kaskazini." Akachukua maharage yake. "Kama misheni wamekutuma uje kunipoza moyo, waambie umekwisha kupoa. Mimi nilimlilia wangu nikanyoa na nywele. Siwezi kumtoa ardhini kwa sababu msichana wa watu amekuja anaongea vizuri."

Nilikaa pale mpaka jua likageuka. Nilisema yote niliyoweza kusema, nikalia, akanipa maji. Hakunifukuza. Alinitendea kama mgeni anavyotendewa na watu wenye adabu, na sijawahi kutendewa ukatili uliozidi ule. Nilipoinuka aliniambia ningoje. Akaingia jikoni, akatoka na furushi la jani la mgomba, la moto, limefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Si utapita misheni ukishuka?" aliuliza. "Mwekee wangu hapo pake, penye mibuni. Zamani nilikuwa napeleka mwenyewe kila siku ya soko, siku hizi magoti yamenikataa mlima. Waweza kuniona mjinga. Lakini alipokuwa hai hawakuniruhusu kumlisha."

Nikapokea kwa mikono miwili. Akanisindikiza mpaka kwenye mfereji wa maji, akasimama huko huko, akanitakia heri na kurudi.

Nilikwenda mpaka kona ambapo nyumba haionekani tena. Nikakaa juu ya jiwe, nikafungua jani, nikala. Nilikula yote kwa mkono, maharage na mahindi, chumvi imezidi kidogo, nikifuta makamasi kwa mkono wa pili. Mbwa wa mtu alikuja akasimama mbele yangu, akatikisa mkia. Sikumpa hata punje.